Orodha mbili za wadaiwa: jinsi -1 ilivyogeuka 255 kwenye chama cha akiba Bukavu

Kisa hiki ni cha kweli na wahusika wameruhusu kiandikwe. Majina, mtaa, jina la chama na kiasi cha fedha vimeondolewa au kubadilishwa. Mazungumzo yamefupishwa, ila maneno ya msingi yameachwa kama yalivyoandikwa kwenye simu. Kilitokea kabla ya mwaka 2025.

Mazingira

Waandishi wa programu wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, wana kundi lao la WhatsApp. Wamo wanafunzi, mafundi wa simu, wawili watatu wanaofanya kazi kwenye mashirika, na wengine waliohamia Goma, Kampala au Nairobi lakini hawakutoka kundini. Kwa miaka mingi kundi lilikuwa soko: mtu anauliza kuhusu poinita (kiashirio cha kumbukumbu katika C), mwingine anajibu kwa picha ya sambaza, samaki wadogo wa ziwani, wa tatu anataka kujua kama boti ya usiku ya Goma imeondoka. Umeme ulikuwa mada ya kila siku. Mto Ruzizi unatoka Ziwa Kivu hapa hapa mjini, na mtambo wa kwanza juu yake unafanya kazi tangu mwisho wa miaka ya 1950, lakini anayekaa mitaa ya Kadutu au Panzi anajua kwamba kuishi karibu na mtambo si sawa na kuwa na taa.

Wiki chache kabla ya kisa, msimamizi aligawa kundi sehemu mbili. La kwanza aliliita Msimbo Tu, la pili Baraza. Sababu yake ilikuwa ya haki: wanaonunua mega (data ya intaneti) kwa siku walilalamika kwamba zinaishia kwenye video za harusi na mipira kabla hawajafikia swali moja la maana. Kanuni ikawa fupi. Habari za maisha zinaenda Baraza, na ukizileta Msimbo Tu zinafutwa.

Upande wa pili kuna chama cha kuweka na kukopa, vile ambavyo wengi wetu tunaviita AVEC. Wanachama 28, karibu wote wanawake wanaouza sokoni. Wanakutana Jumapili, wananunua hisa, wanakopeshana, na fedha zinakaa kwenye sanduku la kufuli tatu ambalo funguo zake ziko kwa watu watatu tofauti. Katibu wa chama ni mama mdogo wa kijana mmoja wa kundi letu, mwanafunzi wa mwaka wa pili. Hapa nitamwita Fundi.

Programu

Fundi aliandika programu ya kutunza mikopo ya chama kwa lugha ya C. Kwa nini C, wakati jedwali la kawaida lingetosha? Kwa sababu ndiyo waliyokuwa wakifundishwa muhula ule, na kwa sababu mashini yake, yaani kompyuta, ni kuukuu, ikifungua programu ya ofisi inaanza kupumua kwa shida. Sioni ubaya. Programu ilikuwa na mistari isiyofika mia tatu, ilisoma faili la maandishi, ikaonyesha menyu, ikachapisha orodha, na wakati wa kufunga ikaandika faili upya.

Kila mwanachama alikuwa na sehemu ya hali ya mkopo:

`char hali;`

Namba 1 ni aliyelipa, 0 ni ambaye siku yake haijafika, -1 ni aliyechelewa. Orodha ya waliochelewa ilitokana na sharti moja tu:

`if (m[i].hali == -1)`

Aliulizwa baadaye kwa nini alitumia `char` mahali pa namba. Alijibu kwamba mwalimu alisisitiza wasipoteze kumbukumbu. `char` ni baiti moja, na namba ya kawaida, `int`, kwenye mashini yake ni nne. Kwa wanachama 28 aliokoa baiti 84.

Kwa miezi kadhaa programu ilifanya kazi bila neno. Fundi alikuwa anatoa orodha Jumamosi, anaipiga chapa kwenye sekretarieti ya barabarani, na katibu anaisoma Jumapili.

Wiki ya giza

Wiki moja umeme ulikatika mtaani kwao, na ukachelewa kurudi. Jumamosi jioni betri ya mashini ilikuwa imekwisha. Simu ilikuwa na chaji kidogo kutoka kwa jirani mwenye sola. Fundi alikuwa na msimbo na faili la data kwenye simu, maana huwa anajitumia nakala kwa WhatsApp. Akafungua Termux, programu inayoleta amri za Linux kwenye simu ya Android, akakompaili (akageuza msimbo kuwa programu inayoendeshwa) kwa kompaila ya clang, akaendesha, akapata orodha.

Amri aliyoandika iliunganisha mambo mawili: kompaili, kisha endesha hapo hapo. Programu ikianza huwa inafuta skrini ili menyu ionekane safi. Kumbukeni hilo.

Orodha ilisema: waliochelewa, hakuna.

Fundi alifurahi. Mama mdogo wake alifurahi zaidi. Orodha ikanakiliwa kwa mkono kwenye karatasi.

Jumapili

Katibu alisoma kwamba hakuna aliyechelewa. Makofi yalipigwa, kisha mweka hazina akafungua daftari lake. Ana desturi ya kuandika kila kitu kwa kalamu hata baada ya programu kuja, na wengine walikuwa wakimcheka kwa hilo. Daftari lilikuwa na majina matatu ya waliochelewa, na mmoja wao ni wifi wa katibu.

Sihitaji kueleza sana kilichofuata. Orodha inasomwa na katibu, imetengenezwa na mtoto wa dada yake, na imemfuta wifi yake. Mwanamke mmoja alisema wazi: "Ile liste iko na bongo," yaani ina uongo. Wenye funguo walikataa kufungua sanduku kwa mikopo mipya hadi jambo lieleweke. Waliochelewa wenyewe walinyamaza.

Swali lilivyoulizwa

Jumatatu umeme ulirudi kwa saa chache. Fundi alirudisha faili kutoka kwenye simu hadi kwenye mashini, akaendesha programu, na majina matatu yakatokea, yale yale ya daftari. Akaandika Msimbo Tu:

"Bakubwa, shikamoni. Programu yangu juzi ilitoa sifuri, leo inatoa tatu. Sijagusa msimbo, data ni ile ile. Nini hii?"

Hakutaja simu. Nilipomuuliza sababu, alisema habari ya simu ilikuwa ndani ya habari ya umeme, na habari ya umeme ilikatazwa Msimbo Tu. Tayari alishafutiwa ujumbe mara moja.

Kwa maelezo yale, ushauri uliokuja ulikuwa wa busara. Kitu kinachobadilika siku kwa siku bila kuguswa kinanuka kumbukumbu isiyowekewa thamani ya mwanzo, na hicho ndicho watu walichotafuta kwanza. Fundi alipitisha programu kwenye Valgrind, chombo cha kukagua matumizi ya kumbukumbu: safi. Mwingine akasema ni tabia isiyofafanuliwa, akamwambia akompaili kwa bendera (chaguo la amri) `-fsanitize=undefined`, inayoshika makosa ya aina hiyo programu ikiendeshwa: safi. Wa tatu, ambaye namheshimu, aliuliza kama majina yana herufi za Kifaransa zenye alama. Yalikuwa nayo. Herufi é katika UTF-8, mpango wa kuandika herufi kwa baiti, ni baiti mbili, C3 na A9, na kwenye mashini ya Fundi kila moja ikiwekwa ndani ya `char` inakuwa namba hasi. Fundi aliondoa alama zote kwenye majina. Hakuna kilichobadilika, ila huyu ndiye aliyekaribia mlango kuliko wote, maana alikuwa anawaza kuhusu alama ya hasi ndani ya `char`. Aligeukia herufi akaiacha hali.

Majaribio yote haya yalifanywa kwenye mashini, ambako programu haikuwa na ugonjwa wowote wa kuonekana. Hata gcc, kompaila ya mashini, ikiwa na bendera za maonyo `-Wall -Wextra`, ilikaa kimya kabisa, na ilikuwa na haki ya kukaa kimya.

Kuna jambo jingine lililozidisha giza, na ndilo linalonivutia zaidi katika kisa chote. Simu ilipofunga programu ile Jumamosi, iliandika faili upya, na wale watatu wakaandikwa 255 mahali pa -1. Faili hilo lilipoingia kwenye mashini, programu ilisoma 255, ikaisukuma ndani ya `char` ya mashini, ikawa -1 tena. Orodha ikatoka sahihi. Kisha mashini nayo ikaandika faili upya, na 255 zote zikarudi kuwa -1. Kwa kuendesha mara moja tu, mashini ilikuwa imesafisha ushahidi wake. Fundi alisema data ni ile ile. Alipotazama faili, kweli ilikuwa ile ile.

Jibu lilipotokea

Usiku ule ule, Baraza walikuwa wanazungumza juu ya nani ana mahali pa kuchaji. Fundi akachangia:

"Kwetu moto (umeme) umeenda siku nne. Liste yote ya chama nimeifanya kwa simu, hata vidole vinaniuma."

Dada mmoja, ambaye kazi yake ni vipima hali ya hewa vinavyoendeshwa na Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya ukubwa wa kiganja, alikuwa amezima arifa za Msimbo Tu na hakujua lolote kuhusu ugomvi wa chama. Alianza kwa utani, akimwambia awe mwangalifu kwani simu na mashini hazihesabu sawa. Fundi akamjibu kwamba kweli hazikuhesabu sawa. Mazungumzo yakaenda hivi:

"Uliikompaili kwa simu?"

"Ndiyo yaya, kwa Termux."

"Hali umeiweka aina gani?"

"char."

"Char kavu, ao signed char?"

"Char tu."

"Weka printf ya ile hali kwa simu. Utaona 255."

Aliweka amri hiyo ya kuchapisha, akaona 255. Alipokompaili mara hii bila kuendesha hapo hapo, aliona pia onyo la clang likisema kwamba kulinganisha -1 na kitu cha aina `char` hapa hakutakuwa kweli kamwe. Onyo hilo lilikuwepo tangu Jumamosi, nalo halihitaji kuwashwa kwa bendera yoyote. Menyu ilikuwa imelifuta ndani ya nukta ya sekunde.

Kwa nini vifaa viwili vilitofautiana

Kwa wasioandika C: `char` ni baiti moja, biti nane. Biti zote nane zikiwa 1, unaweza kuisoma baiti hiyo kama -1 ukikubali kwamba namba zina alama, au kama 255 ukisema hazina. Ndani ya kumbukumbu hakuna tofauti. Wakati wa kulinganisha, C hupanua baiti hiyo iwe `int` kwanza, na hapo ndipo njia zinapoachana: penye alama inakuwa -1, pasipo na alama inabaki 255. Na 255 si -1.

Lugha yenyewe haikuamua. C ilizaliwa Bell Labs mwanzoni mwa miaka ya 1970, mikononi mwa Dennis Ritchie, na ikakulia kwenye PDP-11, kompyuta ya wakati ule, ambayo amri yake ya kupakia baiti kwenye rejista ilitandaza biti ya alama. Kwa hiyo `char` yenye alama ilikuja bure. Mashini nyingine hazikuwa hivyo. Kiwango cha 1989 kilipoandikwa, pande zote mbili zilikuwa na msimbo wake tayari, na kamati ikaachia kila kompaila ichague, mradi iandike ilichochagua. Ndiyo maana C ina aina tatu za baiti: `char`, `signed char` na `unsigned char`, na ya kwanza ni aina tofauti hata pale inapofanana kitabia na mojawapo ya nyingine.

Kwenye mashini za kawaida za Intel na AMD, gcc na clang huchagua yenye alama. Kwenye Linux na Android za ARM, aina ya vichakataji vilivyomo kwenye simu nyingi, huchagua isiyo na alama. Vichakataji vya ARM vya zamani vilikuwa na amri ya kupakia baiti na kujaza sifuri, lakini havikuwa na ya kupakia baiti yenye alama hadi ARMv4 ilipoleta LDRSB, hivyo kutokuwa na alama kulikuwa rahisi. Sababu ilikwisha, desturi ikabaki. Wala usiseme "ARM ni hivyo" ukatulia: Apple kwenye ARM yao ya biti 64 wamechagua yenye alama. Nao watunzaji wa kerneli (kiini) ya Linux walichoka na utata huu. Tangu toleo 6.2 la mwaka 2023 kerneli hukompailiwa kwa `-funsigned-char` kwenye mashini zote.

Yule aliyesema "tabia isiyofafanuliwa" alikosea aina. Tabia isiyofafanuliwa ni pale ambapo kiwango hakimlazimishi kompaila chochote, kama namba ya `int` inapofurika. Hapa kompaila alikuwa na uamuzi thabiti ulioandikwa kwenye mwongozo wake, wa halali kwa pande zote mbili. Kwa hiyo kichujio cha makosa cha `-fsanitize` hakikuwa na kosa la kushika. `-Wconversion` ingesema jambo, lakini kuhusu mstari mwingine, ule unaohamisha `int` iliyosomwa kwenye faili kwenda `char`, na ni bendera ambayo wachache wanaiwasha kwa sababu inapiga kelele nyingi.

Ndugu wa kosa hili anajulikana zaidi: kuweka jibu la `getchar()`, amri ya kusoma herufi moja, ndani ya `char` na kulinganisha na EOF, alama ya mwisho wa faili ambayo kwa kawaida ni -1. Kwenye mashini ya Intel mzunguko utakatika mapema ukikutana na baiti 255, ambayo ni ÿ katika Latin-1, mpango wa zamani wa herufi. UTF-8 haitumii baiti hiyo kabisa, kwa hiyo mtu anaweza kukaa miaka bila kugundua. Kwenye simu, mzunguko hauishi.

Kurekebisha, mara mbili

Mapendekezo yalikuwa matatu. Fundi alitaka kukompaili kwa `-fsigned-char` kila mahali, kwa sababu hakuna mstari wa msimbo unaoguswa na Jumapili ilikuwa inakaribia. Mkubwa mmoja aliyeko Goma alikataa: bendera inakaa kwenye amri, haikai kwenye faili, na siku mtu mwingine akichukua faili kwenye simu nyingine ataisahau. Pendekezo la pili lilikuwa `signed char`. La tatu, `int` ya kawaida, ndilo lililoshinda, kwa hoja kwamba baiti 84 hazijawahi kumuua mtu. Nakubaliana nao. `signed char` ni sahihi, lakini msomaji wa kesho ataiona akafikiri neno la kwanza limeandikwa kwa bahati mbaya, akalifuta.

Fundi akabadilisha, akakompaili kwenye simu, akaendesha. Waliochelewa: hakuna.

Usiku huo watu walikaribia kukata tamaa. Wengine walirudi kulaumu Termux. Ilimchukua mkubwa wa Goma swali moja: "Faili gani umesoma?" Fundi alikuwa amesoma faili lililobaki kwenye simu tangu Jumamosi, lile lenye 255. Msimbo mpya ulisoma 255 kwa uaminifu kama 255. Sasa hata mashini ingekataa kuwaonyesha wale watatu kwa faili hilo, kwa sababu `int` haikunji 255 kuwa -1. Programu ilikuwa imepona lakini data ilikuwa bado inaumwa, na dawa ya kwanza ilikuwa imeondoa hata ule uponyaji wa bahati ambao mashini ilikuwa ikiufanya kimya kimya.

Walisahihisha mistari mitatu kwa mkono. Kisha wakaongeza ukaguzi: programu ikisoma hali ambayo si 1, 0 wala -1, inasimama na kutaja namba ya mstari. Ukaguzi huo ungekuwepo tangu mwanzo, mashini ingelalamika ile Jumatatu asubuhi mahali pa kusafisha faili.

Mbele ya chama

Hapa uamuzi haukuwa wa waandishi wa programu. Fundi alikuwa tayari kusimama na kusema mashini ilikosea. Mama mdogo wake alimkatalia: "Nikisema mashini ilikosea, watasema mashini ni mtoto wa dada yangu."

Alichofanya katibu ni kuomba daftari la mweka hazina lisomwe jina kwa jina, watu wote 28, huku Fundi ameshika simu yenye programu ya zamani upande mmoja na mashini upande wa pili. Kila jina lilisomwa mara tatu: daftari, mashini, simu. Walipofika kwa wale watatu, simu ilisema 255. Hakueleza biti. Alisema simu haijui kuandika deni, ikipewa deni inaandika namba kubwa. Kitaalamu si maelezo kamili, lakini kila mtu aliona kwamba simu ilikuwa imewatendea wote watatu sawa, wifi na wasio wifi, na hilo ndilo lililokuwa linabishaniwa.

Mama mmoja aliuliza kama simu yake yenye pesa za mtandao nayo haijui deni. Swali zuri. Fundi alimjibu kwamba pesa zake hazihesabiwi ndani ya simu, zinahesabiwa kwa kampuni, simu inaonyeshwa tu.

Matokeo

Sanduku lilifunguliwa Jumapili hiyo hiyo na mikopo mipya ikatoka, wiki moja nyuma ya ratiba. Wawili kati ya waliochelewa walilipa na faini. Wa tatu, wifi, alilipa deni akakataa faini, akidai kwamba orodha rasmi iliyosomwa ilimtoa. Chama kilimsamehe nusu, jambo ambalo baadhi hawajalimeza. Katibu alimaliza mzunguko wake na hakugombea tena. Anasema alichoka, wengine wanasema maneno ya siku ile yalimkaa moyoni. Programu bado inatumika. Daftari nalo bado linatumika, na hakuna anayemcheka mweka hazina.

Uchambuzi

Kilichookoa chama ni daftari. Lilikuwa na kumbukumbu iliyotengenezwa kwa njia nyingine kabisa, na mtu aliyekuwa na ujasiri wa kulifungua katikati ya makofi. Bila yeye, simu ingeandika 255, mashini ingeisahihisha wiki ijayo, na wadaiwa watatu wangeonekana na kutoweka kutegemea umeme.

Jibu la kwanza la simu lilikubaliwa kwa sababu lilipendeza. Chama ambacho kila mwezi kina wawili au watatu wanaochelewa, ghafla hakina hata mmoja, katika wiki ambayo hata biashara za sokoni zilikuwa zimelala kwa giza. Kama simu ingesema wote 28 wamechelewa, Fundi angeitilia shaka kabla ya kuipeleka. Huu ni udhaifu wa watu, na sioni bendera ya kompaila inayoutibu.

Onyo lilifanya kazi yake, skrini ikalifuta. Kutenganisha amri ya kukompaili na ya kuendesha ni jambo dogo; bora zaidi ni `-Werror`, inayogeuza onyo kuwa kosa, wakati programu inahamia kifaa kipya. Na mtu asidhani kwamba ukimya wa kompaila mmoja ni cheti cha kusafiria. Kimya cha gcc kilihusu mashini ile. Wenye gcc kwenye ARM wajue pia kwamba onyo la aina hii linatoka kwa `-Wextra`, si kwa `-Wall`.

Sasa mgawanyo wa makundi. Msimamizi ni rafiki yangu na nia yake ilikuwa njema, mega ni pesa. Lakini hapa kwetu mpaka kati ya habari za maisha na habari za msimbo umechorwa mahali pasipokuwepo. Umeme ukikatika, unabadilisha mashini. Ukibadilisha mashini, unabadilisha kichakataji, kompaila, wakati mwingine hata saa na tarehe. Mwandishi wa programu wa mji wenye umeme wa uhakika anaweza kuliona neno "umeme umeenda siku nne" kama malalamiko. Kwa Fundi lilikuwa ndilo ripoti yenyewe ya hitilafu, sentensi pekee yenye taarifa ambayo kila mshauri wa Msimbo Tu aliihitaji. Ilitupwa Baraza, na dada wa Raspberry Pi aliiokota akiwa anatafuta mahali pa kuchaji.

Naongeza kwamba washauri nao wana sehemu yao. Katika majibu yote ya kwanza hakuna aliyeuliza "juzi uliendesha wapi?" Kila mtu alileta ugonjwa anaoufahamu.

Msimamizi hakuunganisha makundi tena. Ameweka mistari mitatu ya lazima juu ya kila swali la Msimbo Tu: kifaa gani, kompaila gani na toleo gani, na tangu mara ya mwisho ilipofanya kazi ni kitu gani kimebadilika hata nje ya msimbo, umeme ukiwemo. Mstari wa tatu unaleta ubishi. Mkubwa wa Goma anasema umekuwa dirisha la kurudishia harusi na mipira, na wiki iliyopita mtu alijaza hapo kwamba amepata mtoto wa kike. Msimamizi aliufuta ujumbe, kisha akaurudisha, kwa sababu mtu huyo alikuwa amekompaili saa tisa usiku hospitalini, kwenye simu ya shemeji yake.